Huu si wimbo wa fungate



Juma hili naomba nianze kwa kukiri kosa. Ni kosa la siku nyingi, lakini deni la siku nyingi ni deni vilevile. Nilikuwa kijana, diploma yangu ya uandishi wa habari haijapata hata vumbi, nami nilikuwa nimepewa kipindi cha salamu cha Jumamosi mchana. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: unasoma kadi za wasikilizaji, unataja majina, unapiga wimbo. Siku hiyo ikaja kadi ya kuwapongeza maharusi wa Temeke waliokuwa wamefunga ndoa wiki hiyo hiyo. Aliyeiandika aliomba wimbo wowote wa Kizungu unaowafaa maharusi. Nikapekua rafu ya diski, nikakuta moja yenye nyimbo 18 za bendi ya Australia, na mojawapo iliitwa "Beds Are Burning". Kwa Kiswahili, vitanda vinaungua. Nikajisemea: haya, umepatikana.

Nikaupiga. Tena kabla ya kuupiga nikawatania maharusi hewani, kwa maneno ambayo leo sitayarudia mbele ya watu wazima. Fundi mitambo alicheka, nami nikacheka, na nadhani mtaa mzima wa Temeke ulicheka.

Siku chache baadaye ikaja barua. Mwandishi wake alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na mwandiko wake ulikuwa ule wa ubaoni, kila herufi imesimama wima. Aliandika mistari mitatu tu: "Mwanangu, huo si wimbo wa fungate. Ni wimbo wa watu walioondolewa kwenye ardhi yao. Siku nyingine sikiliza kwanza, ndipo ucheke."

Barua ile iliniuma, na ilistahili kuniuma. Nilirudi kwenye rafu, nikaichukua ile diski, nikaisikiliza kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa 18, huku nikisoma kila kijikaratasi kilichokuwemo. Baadaye nikanunua nakala yangu mwenyewe. Kwa hiyo mazungumzo ya juma hili ni ya kumlipa mzee yule: nataka nieleze albamu ile ni kitu gani, nyimbo zake zinadai nini, na ilikuwaje mtu kama mimi akazipiga bila kujua anachokipiga.

Albamu yenyewe inaitwa "20,000 Watt R.S.L.", na ilitolewa mwaka 1997. Wenyewe ni bendi ya Midnight Oil kutoka Sydney, bendi ya muziki wa roki wa ule upande usiofuata sana matakwa ya soko. Vijana hawa walianza kupiga pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakijiita Farm, na mwaka 1976 wakachukua jina la Midnight Oil, yaani mafuta ya usiku wa manane. Ni yale mafuta ya taa anayoyamaliza mtu anayekesha kazini. Mwimbaji wao, Peter Garrett, ni mtu mrefu kama mlingoti, kichwa kimenyolewa chote, na alisomea sheria chuo kikuu. Mpiga ngoma alikuwa Rob Hirst, magitaa yalikuwa kwa Jim Moginie na Martin Rotsey, na tangu mwaka 1987 mpiga besi alikuwa Bones Hillman, aliyefariki mwaka 2020.

Bendi hii tangu mwanzo ilikuwa na ukaidi wake. Ilikataa kutokea katika kipindi cha televisheni ambacho kila mwanamuziki wa Australia alikuwa akikililia. Ilipendelea kupiga katika baa na kumbi za pwani, mbele ya watu waliosimama wakitokwa jasho. Mwaka 1984 Garrett aligombea kiti katika Baraza la Seneti kwa tiketi ya chama kilichopinga silaha za nyuklia, akakikosa kwa tofauti ndogo. Ni watu wa namna hiyo.

Sasa, hii "20,000 Watt R.S.L." si albamu ya kawaida. Ni mkusanyiko. Kwetu sisi tuliokulia katika zama za kaseti jambo hili halihitaji maelezo marefu. Wengi wetu tuliwahi kupeleka kaseti tupu kwenye kibanda cha kurekodi muziki, pamoja na karatasi yenye orodha: nataka huu, na huu, na ule. Kesho yake unachukua kaseti yako yenye nyimbo unazozipenda tu. Na kipindi chochote cha zilipendwa ni mkusanyiko vilevile, isipokuwa anayechagua ni mtangazaji.

Kampuni za kurekodi hufanya hivyo hivyo kwa sababu za kibiashara. Albamu mpya ni gharama: studio, mafundi, miezi ya kazi, na hakuna ajuaye kama itauzika. Mkusanyiko ni rahisi. Nyimbo zimekwisha kurekodiwa, umaarufu wake umekwisha kupimwa, na mteja anajua anachonunua. Ili kumvuta yule ambaye tayari anazo albamu zote, kampuni huongeza nyimbo mpya moja au mbili. Midnight Oil nao waliongeza mbili, "What Goes On" na "White Skin Black Heart", ambazo mwaka uliofuata ziliingia pia katika albamu yao ya "Redneck Wonderland".

Hakuna ubaya katika hayo. Msikilizaji asiye na fedha za kununua albamu nane hupata njia ya kuingilia kwa bei ya moja. Lakini mkusanyiko una hatari yake, na hatari hiyo ndiyo iliyonikamata mimi. Wimbo ukiwa katika albamu yake ya asili huwa na ndugu zake: una picha ya jalada, una maelezo, una mwaka wake na ugomvi wa mwaka huo. Ukiung'oa na kuupanga pamoja na nyimbo nyingine zilizopendwa, unabakiza sauti yake tu. Wimbo wa mapenzi haupotezi kitu, maana mapenzi ni yale yale. Wimbo wa madai hupoteza habari ya anayedai na anayedaiwa. Hapo ndipo mtangazaji kijana huufanya zawadi ya harusi.

Tuanze basi na huo wa vitanda kuungua. Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, ni mataifa mengi yenye lugha nyingi. Mojawapo ni Wapintupi, watu wa Jangwa la Magharibi, katikati kabisa ya bara lile. Katika miaka ya 1950 na 1960, wakati eneo lao lilipopitiwa na majaribio ya makombora yaliyorushwa kutoka Woomera, na serikali ikitaka wenyeji wakae mahali pamoja, Wapintupi wengi walihamishiwa makazi ya Papunya, magharibi ya mji wa Alice Springs. Huko walichanganywa na watu wa lugha nyingine, mbali na visima vyao na mahali pao pa ibada. Wengi waliugua na kufa. Mwaka 1981 walianza kurudi wenyewe, wakaanzisha makazi ya Kintore, karibu na mpaka wa jimbo la Australia Magharibi, katika nchi wanayoijua kwa majina ya kila jiwe.

Mwaka 1986 Midnight Oil walizunguka katika makazi hayo ya jangwani, wakipiga bega kwa bega na Warumpi Band, kundi la Papunya ambalo mwaka 1983 lilikuwa limetoa wimbo wa roki katika lugha ya Kiluritja. Fikiria hali ilivyokuwa. Bendi iliyozoea kumbi za mjini inafika mahali ambapo watu wengi hawaijui, inapiga muziki juani kwenye vumbi, mbele ya watoto, wazee na mbwa. Safari ile iliwabadilisha. Kutokana nayo ikatoka albamu ya "Diesel and Dust" ya mwaka 1987, na ndani yake "Beds Are Burning", wimbo unaoitaja Kintore kwa jina na kusema waziwazi kwamba ardhi ile ni yao na inapasa warudishiwe.

Na vitanda? Swali la wimbo ule, nikilieleza kwa maneno yangu, ni hili: mtu anawezaje kulala usingizi wa raha katika nyumba iliyojengwa juu ya haki ya mwenzake? Kitanda kinachoungua ni cha yule aliyelala. Mzee wa jiografia alikuwa sahihi kabisa, na maharusi wangu wa Temeke niliwatupia moto ambao haukuwa wao.

Nyimbo husafiri kwa njia za ajabu. Wimbo huu ulifika nafasi ya kwanza New Zealand, Canada, na pia Afrika ya Kusini, wakati nchi hiyo ikiwa bado chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, ambapo sheria ilikuwa imewanyima Waafrika haki ya kumiliki sehemu kubwa ya ardhi ya nchi yao. Wimbo wa kurudisha ardhi ukawa namba moja katika nchi iliyopora ardhi. Je, walionunua walisikia maneno au walisikia ngoma? Mimi sina haki ya kuwacheka.

Katika mkusanyiko huo umo pia "The Dead Heart", maana yake moyo uliokufa, jina ambalo Wazungu wa Australia walikuwa wakiliita jangwa la katikati. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali ilikabidhi hati ya mwamba mkubwa mwekundu wa Uluru kwa wenyewe, Waanangu, nao papo hapo wakaikodisha serikali kwa miaka 99 uendelee kuwa hifadhi ya taifa. Midnight Oil waliombwa wimbo kwa ajili ya filamu kuhusu tukio hilo. Wakaandika kwamba moyo unaoitwa mfu unapiga bado, kwa kuwa wapo watu wanaoishi humo.

Wimbo mwingine ni "Blue Sky Mine", mgodi wa anga la buluu, wa mwaka 1990. Ukiusikiliza haraka utadhani unasifu hali ya hewa. Kumbe unazungumzia Wittenoom, mji mdogo wa jimbo la Australia Magharibi, ambako asbesto ya buluu ilichimbwa hadi mwaka 1966. Mgodi kwa miaka mingi ulikuwa wa kampuni tanzu ya CSR, kampuni kubwa iliyojulikana zaidi kwa kusafisha sukari. Wasomaji wengi wanaijua asbesto kwa mapaa ya shule na nyumba za zamani za serikali. Vumbi lake lina nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Mtu akizivuta zinakaa katika mapafu, na baada ya miaka 20, 30 au hata 40 huleta saratani ya utando unaoyazunguka.

Ubaya wa Wittenoom ni kwamba vumbi halikukaa mgodini. Mabaki ya mgodi yalitandazwa barabarani na katika viwanja vya kuchezea. Wake waliofua nguo za kazi za waume zao walilivuta. Watoto walilichezea. Madaktari walikwisha onya tangu miaka ya 1940, kazi ikaendelea. Zaidi ya watu 2,000 waliofanya kazi au kuishi pale wanakadiriwa kufa kwa maradhi ya asbesto. Mwaka 1988, baada ya miaka ya kesi, wagonjwa walianza kushinda mahakamani na kulipwa fidia. Mwaka 2007 serikali ya jimbo iliifuta Wittenoom katika orodha ya miji yake. Wimbo umewekwa katika kinywa cha mfanyakazi anayeuliza ni nani atakayemwokoa, kampuni au serikali. Ni swali ambalo mchimbaji yeyote mdogo, wa Geita au wa Mirerani, analielewa bila kufasiriwa.

Yapo pia majina mawili katika orodha ya nyimbo ambayo mgeni huyapita tu. La kwanza ni "Kosciuszko". Huo ni mlima mrefu kuliko yote katika bara la Australia, mita 2,228, na mwaka 1840 msafiri mmoja wa Kipolandi aliupa jina la jenerali wa kwao, Tadeusz Kościuszko, ambaye hakuwahi kukanyaga Australia. Sisi wenye ziwa lililopewa jina la malkia wa Uingereza tunaijua desturi hiyo. La pili ni "Truganini". Huyo alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Tasmania aliyeshuhudia watu wake wakiangamizwa. Alikufa mwaka 1876, na kinyume cha matakwa yake mifupa yake ikafukuliwa, ikaja kuwekwa katika jumba la makumbusho na kutazamwa na watu hadi mwaka 1947. Ilichomwa, na majivu yake yakatawanywa baharini, mwaka 1976, miaka 100 baada ya kifo chake. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilifundisha kwamba yeye ndiye Mtasmania asilia wa mwisho. Si kweli. Vizazi vya watu wake wapo hadi leo, nao wamechoka kuambiwa kwamba hawapo.

Unaona basi, ndugu msomaji, shehena iliyomo katika diski moja. Sasa nirudi kwenye jina lake. Wati 20,000 ni nguvu ya vipaza sauti vya bendi, na hiyo haina fumbo. Lakini R.S.L. ni nini? Ni chama cha askari wa Australia waliorudi kutoka vitani, kilichoanzishwa mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Chama hicho kina klabu katika miji mingi. Watu huenda huko kula chakula cha bei nafuu, kunywa bia, kucheza mashine za kamari na kusikiliza bendi. Lakini klabu hizo zina desturi moja. Jioni, saa maalumu ikifika, taa hupunguzwa, mashine na muziki hunyamaza, kila mtu husimama, na husomwa maneno machache ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Kisha taa huwaka na bia huendelea.

Mimi jina la albamu nalisoma kwa desturi ile. Ni nyimbo za kuchezwa kwa sauti kubwa, lakini katikati ya dansi kuna dakika ya kusimama. Tofauti ni kwamba hawa wanawasimamisha watu kwa ajili ya wale ambao klabu yenyewe haikuwakumbuka. Maana Waaborijini nao walipigana katika vita zote mbili kuu, na waliporudi wengi wao walizuiwa kuingia katika baadhi ya klabu hizo hizo. Uliweza kufa kwa ajili ya nchi, lakini si kunywa bia na wenzio uliopona nao.

Mpangilio wa nyimbo unafanya kazi ile ile kwa njia nyingine. Albamu haifuati miaka. Inaanza na wimbo mpya, inarudi hadi mwaka 1982, inaruka mbele hadi 1987, kisha wimbo mpya tena. Kwa upande mmoja hilo linaficha historia: msikilizaji mgeni hajui kipi kilitangulia. Kwa upande wa pili linasema kwamba dai la mwaka 1987 na la mwaka 1997 ni dai moja, halijaisha muda wake. Mwaka 2012 bendi ilitoa mkusanyiko mwingine, "Essential Oils", wenye nyimbo 36 zilizopangwa kwa kufuata miaka. Huo ndio unaomfaa anayetaka kujifunza. Ule wa kwanza unamfaa anayetaka kushtuliwa.

Na kila mkusanyiko, hata uwe mzuri namna gani, huacha kitu nje. Katika zile nyimbo 18 haumo "Maralinga", wimbo wa mwaka 1982 kuhusu mahali Uingereza ilipolipua mabomu yake ya nyuklia mwaka 1956 na 1957 katika nchi ya Waaborijini wa kusini. Wala haumo "Short Memory", kumbukumbu fupi. Mkusanyiko wa ukumbusho ukausahau wimbo wa usahaulifu! Sisemi hivyo kwa kuwasimanga. Anayechagua lazima aache, hata sisi wa redio tuna dakika zetu tu.

Lakini kwa nini mwaka 1997? Kampuni ilikuwa na hesabu zake, bila shaka. Hata hivyo angalia mwaka huo ulibeba nini. Mwezi Mei bungeni Canberra iliwasilishwa ripoti kuhusu watoto wa Kiaborijini walionyang'anywa wazazi wao kwa amri za serikali ili walelewe na Wazungu. Ripoti ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1910 na 1970 alichukuliwa mtoto mmoja kati ya watatu hadi mmoja kati ya 10. Ilipendekeza, pamoja na mengine, kwamba taifa liombe radhi. Waziri Mkuu, John Howard, alikataa kuomba radhi kwa niaba ya serikali. Hoja yake ilikuwa kwamba kizazi cha leo hakiwezi kubebeshwa makosa ya kizazi kilichopita. Miezi michache baadaye ikatoka diski hii. Katika hali hiyo "Beds Are Burning" haukuwa wimbo wa zamani. Ulikuwa jibu.

Tarehe 1 Oktoba 2000, katika sherehe za kufunga Michezo ya Olimpiki ya Sydney, Midnight Oil walipanda jukwaani mbele ya dunia nzima na kuupiga wimbo huo huo. Walikuwa wamevaa nguo nyeusi zilizoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja la Kiingereza, Sorry, yaani samahani. Howard alikuwa uwanjani. Neno ambalo serikali ilikataa kulitamka likavaliwa na wanamuziki.

Neno lenyewe lilitamkwa bungeni tarehe 13 Februari 2008, na Waziri Mkuu aliyefuata, Kevin Rudd. Na katika serikali yake Waziri wa Mazingira alikuwa nani? Peter Garrett. Alikuwa ameiacha bendi mwaka 2002 na kuingia bungeni mwaka 2004. Haki inataka niseme pia upande wa pili: mwaka 2009 waziri huyo huyo, aliyetumia nusu ya maisha yake kupinga nyuklia, aliidhinisha mgodi mpya wa urani. Baadhi ya wapenzi wake wa zamani hawajamsamehe. Kushika kipaza sauti ni jambo moja na kushika kalamu ya serikali ni jambo jingine, na wapo wengi, hata hapa kwetu, waliogundua hivyo wakiwa wamekwisha kalia kiti.

Hadithi haikuishia katika samahani. Tarehe 14 Oktoba 2023 Waaustralia walipiga kura ya maoni kuamua kama Katiba iwatambue wenyeji wa asili kwa kuwaundia chombo cha kulishauri Bunge. Kiasi cha asilimia 60 walisema hapana, na majimbo yote sita yalikataa. Bendi ilikuwa imekwisha fanya ziara yake ya mwisho mwaka 2022. Nyimbo ndizo zilizobaki kazini.

Nimalizie kwa yule mwalimu. Sikuwahi kuonana naye. Barua yake haikuwa na anwani kamili, na mimi kwa aibu za ujana sikumjibu hewani kama ilivyonipasa. Lakini tangu siku ile nina kanuni moja, nayo nimewapa vijana wote niliowafundisha kazi studioni: usipige wimbo ambao huwezi kumweleza msikilizaji unahusu nini, hata kwa sentensi moja. Haikuzuii kucheza. Nyimbo hizi zilitungwa zichezwe, na ngoma za Hirst huziwezi ukiwa umekaa. Inakutaka tu, katikati ya dansi, usimame dakika moja kama wale wa klabuni, ujue unacheza juu ya ardhi ya nani.

Na ninyi maharusi wa Temeke, ambao hadi leo naamini mko pamoja na pengine mna wajukuu, poleni kwa utani wangu. Mlistahili wimbo mwingine. Mkinitumia kadi nitawapigia, na safari hii nitausikiliza kwanza.

Tukutane juma lijalo, saa ile ile, panapo majaliwa.